Bei Inayotangulia Gari: Kinondoni, Temeke na Magari ya Kasi

Kampuni inapozindua gari la mbio lililosanifiwa upya, mambo mawili hutangazwa siku hiyohiyo, yaani bei yake na uwezo wake, na kwa mnunuzi wa Tokyo au Los Angeles tangazo hilo ndilo mwisho wa kubahatisha. Kwa mkazi wa Kinondoni au Temeke tangazo hilohilo huwa ni mwanzo wa hesabu ndefu, kwa sababu gari lenyewe, likija, litakuja baada ya miaka minane, kumi au zaidi, likiwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine, limepitia mnada, limevuka bahari na kupimwa na forodha. Katika kipindi hicho chote bei yake Dar es Salaam haimo mikononi mwa kiwanda, na uwezo wake haupimwi kwa vipimo vya kiwanda peke yake. Desturi ya kukadiria bei na uwezo wa gari ambalo bado halijafika imejengeka taratibu katika vitongoji hivi kwa zaidi ya nusu karne, na kila zama iliigeuza kwa kubadili swali kuu ambalo mkadiriaji alilazimika kulijibu.

Mandhari ya desturi hii yana historia yake. Temeke, Magomeni na Kinondoni zilipanuliwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kama makazi ya wafanyakazi Waafrika, wakati Oysterbay, ambayo leo imo ndani ya wilaya ileile ya Kinondoni, ilitengwa kwa ajili ya Wazungu. Mgawanyo huo wa makazi ulikuwa pia mgawanyo wa magari. Watu wa Temeke na Magomeni waliyajua magari kama mafundi, madereva, matingo na wafanyakazi wa bandarini muda mrefu kabla ya wengi wao kuyamiliki, kwa hiyo maarifa ya gari yalitangulia umiliki wake. Jambo hili ni muhimu kwa yeyote anayetaka kuelewa kwa nini hata leo mtu asiye na gari, akiwa kijiweni, anaweza kutaja aina ya injini iliyomo ndani ya gari linalopita mbele yake na kukosea mara chache.

Zama za kwanza zilikuwa zama za mashindano. Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya magari ya Coronation Safari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia mwaka 1960 yakajulikana kama East African Safari Rally. Kwa kuwa barabara zake zilikuwa zilezile za vumbi na matope ambazo watu walizitumia kila siku, na kwa kuwa njia zake zilifika hadi Dar es Salaam, mashindano hayo yalikuwa maonyesho ya wazi ya uwezo wa gari, na hakuna kijitabu cha kampuni kilichoweza kushindana na ushahidi wa macho. Peugeot 404, gari la familia lenye milango minne na injini ya cc 1618 (cc ni kipimo cha ujazo wa injini katika sentimita za ujazo), lilishinda mwaka 1963, kisha likashinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akiwa na msomaji ramani wake Chris Rothwell. Kwa hiyo gari la kasi lilipata sura ya nyumbani: lilikuwa lile linalomaliza safari.

Gari la mbio kwa maana kamili, lenye milango miwili, boneti ndefu na kimo cha chini, liliingia katika historia hiyo mwaka 1971, pale Datsun 240Z iliyoendeshwa na Edgar Herrmann ilipotwaa ushindi. Datsun hiyo, yenye injini ya silinda sita na cc 2393, ilishinda tena mwaka 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyemaliza kwa alama sawa na Harry Källström wa Sweden na kupewa ushindi kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi bila kupoteza alama. Gari hilo lilikuwa usanifu mpya kabisa uliozinduliwa Japani mwaka 1969, na Afrika Mashariki ililipima mbele ya dunia nzima miaka miwili tu baadaye. Hapo swali la mkadiriaji lilikuwa rahisi: je, litafika? Bei ilikuwa kwenye duka la wakala mjini, na aliyekuwa nayo alinunua. Umbali kati ya gari jipya la kiwandani na gari jipya la Dar es Salaam haujawahi kuwa mfupi kama ulivyokuwa katika miaka hiyo, ingawa waliofaidika nao walikuwa wachache.

Zama za pili zilianza wakati mashindano hayo bado yakiendelea. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara kubwa ya uagizaji ilihamia kwenye mashirika ya umma, na katika miaka ya 1970 uagizaji wa magari ukawekwa chini ya State Motor Corporation, shirika la serikali lililogawa magari machache yaliyopatikana kwa kufuata vibali. Bei ya mafuta iliyopanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, pamoja na gharama za vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979, zilimaliza fedha za kigeni, na ilifika mahali gari binafsi halikuruhusiwa kutembea siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali. Katika hali hiyo kuzungumzia kasi ya gari kungeweza kuonekana upuuzi, lakini ukadiriaji haukufa. Ulibadilika. Swali halikuwa tena kama gari litafika mwisho wa mashindano, bali kama kibali kitatoka, na baada ya hapo kama vipuri vitapatikana. Fundi wa Temeke aliyeweza kuitia Peugeot 504 pistoni iliyochongwa upya, au kuitengenezea Land Rover kifaa kisichouzwa popote nchini, alikuwa ndiye mwenye kujua uwezo halisi wa gari, na heshima anayopewa fundi katika vitongoji hivi mpaka sasa ina mizizi katika miaka hiyo ya dhiki kuliko katika miaka ya neema iliyofuata.

Mlango ulifunguliwa na bajeti ya mwaka 1984, iliyoruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi alichukua urais, na sera ya ruksa, yaani ya kulegeza masharti ya biashara, ikaupanua mlango huo. Wa kwanza kuingia walikuwa wenye magari ya kazi, yaani pikapu na mabasi madogo, kwani daladala zilikuwa zimehalalishwa mwaka 1983 na abiria walikuwa wengi kuliko viti. Lakini nyuma ya pikapu yalikuja magari madogo yaliyotumika, mengine kupitia Dubai, mengine kupitia Zanzibar, na hatimaye moja kwa moja kutoka Japani.

Kwa nini Japani ilizishinda nchi nyingine zote ni jambo linalohitaji maelezo. Tanzania ilirithi kutoka kwa Waingereza desturi ya kuendesha upande wa kushoto, na Japani ni miongoni mwa nchi chache zenye viwanda vikubwa vya magari zinazoendesha upande huohuo. Zaidi ya hapo, sheria ya Japani huitaka kila gari binafsi jipya likaguliwe baada ya miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili, ukaguzi ambao hugharimu fedha nyingi kadiri gari linavyozeeka, kwa hiyo wenye magari wengi huyaacha yakiwa bado na maisha marefu mbele yake. Magari hayo hupelekwa kwenye minada, hukaguliwa na kupewa alama, kisha hupakiwa melini. Viwanda vya Japani navyo vilizoea kulisanifu gari upya kila baada ya miaka minne au mitano, na mzunguko huo ukawa kalenda ya pili ya Dar es Salaam.

Toyota Mark II ndiyo inayoionyesha kalenda hiyo vizuri zaidi. Umbo lake la mwaka 1992 lilifuatwa na jingine mwaka 1996, na jingine tena mwaka 2000, kisha mwaka 2004 likapisha gari lililoitwa Mark X, ambalo nalo lilisanifiwa upya mwaka 2009 na kuacha kutengenezwa mwaka 2019. Katika yadi za Kinondoni, yaani viwanja vya kuuzia magari, maumbo hayo hayakuitwa kwa miaka yake wala kwa majina ya matangazo, bali kwa alama za chasisi zilizopigwa kwenye kibati cha kiwanda: GX90, GX100, GX110. Matumizi haya ni ushahidi wa kiwango cha maarifa yaliyokuwapo, kwa maana mnunuzi wa kawaida wa Japani hakuwa na haja ya kuijua alama hiyo, ilhali mnunuzi wa Kinondoni aliihitaji ili ajue ni injini gani, ni vipuri gani na ni bei gani. Kila umbo jipya lilipozinduliwa Japani, wenye kufuatilia walijua kwamba umbo lililotangulia litaanza kushuka bei minadani na kwamba baada ya miaka kadhaa litajaa barabara za Dar es Salaam.

Ni vyema kusema wazi kwamba gari la mbio la vitongoji hivi kwa kawaida lina milango minne. Anayelinunua ni mtu mwenye familia, mwenye ndugu wa kuwachukua kituo cha mabasi na mwenye safari ya mkoani mwisho wa mwaka, kwa hiyo kasi ilitafutwa ndani ya gari lenye nafasi. Mark II na ndugu zake Chaser na Cresta zilikuwa na aina iliyobeba injini ya cc 2491 yenye tabo, kifaa kinachosukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini ili ichome mafuta mengi kwa mara moja, na injini hiyo ilitoa nguvu za farasi 280. Altezza ya mwaka 1998 ilikuja na injini mbili za ujazo unaokaribiana, moja ya silinda nne na cc 1998 iliyotoa nguvu 210, nyingine ya silinda sita na cc 1988 iliyotoa nguvu 160. Subaru Impreza, iliyojipatia jina kwa ushindi wa Safari wa Colin McRae mwaka 1997 na wa Richard Burns mwaka 2000, ilitoa nguvu 280 kutoka kwenye cc 1994 tu. Kulingana kwa namba 280 hakukuwa kwa bahati, kwani tangu mwaka 1989 hadi 2004 viwanda vya Japani vilikubaliana visitangaze nguvu zaidi ya hapo kwa magari ya soko la nyumbani, na vilevile magari hayo yalizuiwa yasivuke kilomita 180 kwa saa.

Hapo ndipo zama za tatu, zama za ushuru, zinapokutana na historia ya uhandisi. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilianza kazi mwaka 1996. Kodi ya ongezeko la thamani ikaanza mwaka 1998 kwa asilimia 20 na kupunguzwa hadi 18 mwaka 2009. Na Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005 uliweka ushuru wa pamoja wa asilimia 25 kwa magari kama haya. Msingi wa hesabu ni thamani iitwayo CIF, yaani bei ya gari, bima na nauli ya meli zikijumlishwa. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, juu ya thamani hiyo huongezwa ushuru wa asilimia 25, kisha, juu ya jumla ya hapo, ushuru wa bidhaa ambao hufuata ujazo wa injini: gari la cc 1000 kushuka chini halitozwi, la zaidi ya cc 1000 hadi cc 2000 hutozwa asilimia 5, na linalozidi cc 2000 hutozwa asilimia 10. Halafu huja tozo ya umri juu ya jumla ileile, asilimia 15 kwa gari lenye miaka minane hadi kumi na asilimia 30 kwa lililozidi kumi, na mwisho kodi ya ongezeko la thamani hutozwa juu ya jumla yote, achilia mbali tozo ndogondogo za reli, forodha, bandari na usajili.

Kwa kuwa sheria hiyo huangalia ujazo wa injini na haiangalii nguvu, Impreza ya nguvu 280 hulipa kiwango kilekile cha Corolla ya cc 1500 inayompeleka mwalimu kazini. Wapenzi wa kasi waliligundua hilo mapema, na si ajabu kwamba injini ya cc 1900 na ushei yenye tabo ilipata heshima kubwa kuliko injini kubwa isiyo nayo. Hata hivyo hesabu yenyewe inaonyesha kwamba hofu ya cc 2000, ambayo imezoeleka sana katika mazungumzo ya wanunuzi, inaizidi sababu yake. Gari la zaidi ya miaka kumi lililo chini ya mpaka huo, likiwa na thamani ya 100, hufikia takriban 199 baada ya kodi kuu. Lililo juu ya mpaka hufikia takriban 206. Tofauti ni ndogo. Umri ndio mzito: gari la cc 1998 ambalo halijafika miaka minane huishia 155 tu, na kwa hiyo gari lililogharimu dola 5,000 likiwa na miaka saba linaweza kutoka bandarini kwa gharama pungufu kuliko lililogharimu dola 4,000 likiwa na miaka kumi na moja. Kilichoilea hofu ya injini kubwa kwa muda mrefu kilikuwa ada ya mwaka ya leseni ya gari, ambayo ilipanda kwa kufuata ujazo wa injini na ilidaiwa hata kwa gari lililolala gereji, mpaka ilipofutwa katika bajeti ya mwaka 2017 na mzigo wake kuhamishiwa kwenye bei ya lita ya mafuta kwa nyongeza ya shilingi 40.

Mabadiliko hayo ya 2017 hayajapewa uzito unaostahili. Kabla yake mwenye gari la mbio alilipia ujazo wa injini. Baada yake akalipia matumizi, na gari linalotoka Jumapili kwa Jumapili likawa nafuu kulimiliki. Mfumo wa TRA wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, unaopatikana kwa simu, nao uliwapa watu wa kawaida hesabu ambayo zamani ilikuwa siri ya wakala wa forodha: mtu huingiza aina, mwaka, nchi na ujazo wa injini, na mfumo humjibu kwa shilingi. Maarifa yaliyokuwa ya wachache sasa yamo viganjani mwa kijana yeyote wa Mbagala, na ni jambo jema kwa kila hali, hata kama dalali wa zamani amepunguziwa kipato.

Gari likishatoka bandarini, ambayo sehemu yake kubwa imo Kurasini wilayani Temeke, huanza ukadiriaji mwingine. Yadi za Kinondoni na zile zilizopangana kando ya barabara ya Bagamoyo hutofautisha gari ambalo halijatumika nchini na lile lililokwisha kusajiliwa, na kwa hili la pili bei hufuata herufi ya kwanza baada ya tarakimu za kibao chake, kwa vile herufi hizo hutolewa kwa mfululizo na hueleza gari limeingia lini. Gari la namba D huuzwa juu ya ndugu yake wa namba C hata kama yote mawili yalitoka kiwandani mwaka mmoja. Ni mizani yenye kasoro, kwa sababu humzawadia aliyechelewa kuagiza, lakini ina mantiki yake: inapima miaka ambayo gari limeonja matuta, mashimo na maji ya mvua ya Dar es Salaam, na miaka hiyo huchosha kuliko ile ya Japani.

Uwezo nao hupimwa upya. Kilomita 180 kwa saa hazina maana kubwa katika barabara ya Kilwa yenye foleni, wala katika barabara ya Kawawa yenye taa na matuta. Kinachoulizwa gerejini Tandika au Mwananyamala ni kama injini inahimili joto ikiwa imesimama foleni saa nzima, kama gari la kimo cha chini litavuka tuta bila kukwaruza sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kama giaboksi inapatikana ya mtumba Gerezani, na linakula mafuta kiasi gani wakati ambapo bei kikomo hutangazwa upya kila mwezi na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Gari likifaulu maswali hayo ndipo kasi yake huanza kuzungumzwa, na hapo gari lililoumbwa kwa mbio hurudi kwenye kipimo cha miaka ya Shankland.

Majirani waliamua vingine. Kenya huzuia gari lililozidi miaka minane, na Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka kumi na mitano mwaka 2018, wakati Tanzania imechagua kutoza badala ya kuzuia. Uamuzi huo uliiacha Dar es Salaam na magari ya kasi ya miaka ya 1990 ambayo Nairobi isingeweza tena kuyaagiza, lakini umeuweka mji huu katika ushindani na mnunuzi asiyetarajiwa. Marekani huruhusu gari ambalo halikutengenezwa kwa soko lake kuingia likishatimiza miaka 25 bila kutakiwa kukidhi kanuni zake za usalama, na kwa sababu hiyo Chaser na Altezza ambazo zamani zilishuka bei kila mwaka sasa hupanda kadiri zinavyoukaribia umri huo. Kanuni ya zamani ya Kinondoni, kwamba anayesubiri hununua kwa bei ndogo, imevunjika kwa magari yaleyale yanayopendwa zaidi.

Gari linaloonyesha hali mpya ni Toyota 86. Lilizinduliwa Japani mwaka 2012 kwa bei iliyoanzia yeni 1,990,000, likiwa na cc 1998 na nguvu 200, na sasa matoleo yake ya awali yamevuka miaka kumi na yanabeba tozo nzima ya asilimia 30. Mrithi wake, GR86, alizinduliwa mwaka 2021 kwa bei iliyoanzia yeni 2,799,000, akiwa na cc 2387 na nguvu 235, na kwa takwimu za Toyota hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 6.3 badala ya 7.4. Usanifu huo umelivusha gari mpaka wa cc 2000, kwa hiyo kwa viwango vya sasa kila 100 ya thamani yake huwa takriban 162 kabla ya miaka minane, 184 kati ya minane na kumi, na 206 baada ya hapo. Toleo la 2021 litatimiza miaka minane mwaka 2029, na ili kusubiri kumfae mnunuzi, thamani yake lazima wakati huo iwe imeshuka kwa zaidi ya asilimia 12, na baada ya miaka kumi kwa zaidi ya asilimia 21, ikilinganishwa na thamani ya gari hilo likiwa na miaka saba. Kwa sedani ya kawaida mporomoko huo ni wa hakika. Kwa gari dogo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma na lenye giaboksi ya mkono, ambalo wapenzi wake duniani wanazidi huku viwanda vikihamia umeme, si wa hakika hata kidogo. Ndiyo maana kwa mwenye fedha mkononi hesabu inaelekea kwenye kuagiza mwaka 2027 au 2028, na kwa asiye nazo inaelekea kwenye 86 ya kwanza, ambayo tozo yake ya umri haiwezi tena kupanda na ambayo bado imo upande wa chini wa mpaka wa cc 2000.